Ukijibu Hapana, Inapita

Wadadisi wa shirika walimwita fundi wao wa programu Bi Sasisha, naye alijua, wala hakujali. Jina lilitokana na jibu lake. Simu ikikwama, sasisha. Fomu ikiganda, sasisha. Ukimpigia kumweleza kwamba programu imemeza mahojiano ya asubuhi nzima na mwenye nyumba amenuna hataki kurudia, atakusikiliza mpaka mwisho, atavuta pumzi, kisha atauliza kwa sauti ya mtu anayemwuliza mtoto kama amenawa mikono: mara ya mwisho ulisasisha lini? Hapo unaanza kuumauma maneno, na yeye anakuwa ameshajua wewe ni mtu wa namna gani.

Binadamu kwake walikuwa mafungu mawili. Kulikuwa na wanaosasisha, na kulikuwa na hao wengine, ambao aliwaweka kapu moja na watu wanaoacha bomba livuje usiku kucha na watu wanaomeza nusu ya dawa kisha wanamsema daktari. Hakuwachukia. Chuki inachosha, na Bi Sasisha alikuwa na kazi nyingi. Aliwadharau tu, kila siku, jinsi mwingine anavyokunywa chai.

Asubuhi hiyo alitumwa kwenye kanda ambayo majibu yake yalikuwa mazuri kupita kiasi. Shirika lilikuwa likipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani yuko katika hali gani, ili mwisho wa zoezi lijue wapi pa kupeleka wahudumu wa nyumbani na viti vya magurudumu. Swali lenyewe la maana lilikuwa la nane: je, katika kaya hii yuko mtu asiyeweza kutembea, kuona, kusikia au kujihudumia? Kanda nyingine zote zilikuwa na watu wa namna hiyo, kama wanavyokuwepo kila mahali wanapoishi watu. Kanda hii haikuwa na hata mmoja. Kwa mujibu wa simu za wadadisi wake, vipofu walikuwa wamehama, waliopooza wameinuka, na wazee wote walikuwa wakijiogesha wenyewe huku wakipiga miluzi.

Mkurugenzi aliyaona majibu hayo akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, kwa kuwa mfumo ulikuwa unafungwa jioni ya siku ileile, na ukishafungwa umefungwa. Kanda isiyo na mhitaji haipelekewi mhudumu, na hakuna aliyejua zoezi jingine litafanyika mwaka gani. Alimwagiza Bi Sasisha aende akaangalie kama tatizo ni uvivu au ni uongo. Bi Sasisha alijibu kwamba kwa uzoefu wake hivyo vitu viwili huwa vinapanga chumba kimoja.

Ofisi ya kanda ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kinanuka rangi na saruji. Viti vya plastiki vilizunguka meza moja ambayo mguu wake ulitiwa kipande cha kigae ili isiyumbe. Waya wa umeme ulipita dirishani ukitokea dukani, na simu za kazi zilikuwa zimelala sakafuni zikichajiwa. Kila simu ilibandikwa mgongoni kipande cha plasta nyeupe, na juu ya plasta kuliandikwa kwa wino mzito: USIGUSE.

Aliuliza usiguse nini, kabla hata hajasalimia.

Aliyejibu alikuwa kiongozi wa timu, mstaafu wa stoo ya shule, mwenye kalamu tatu mfukoni na shati lililofungwa vifungo mpaka kooni. Wadadisi wake walimwita Mzee Ngoja, kwa sababu hakuwa na sentensi isiyoanza na neno hilo. Alisema ngoja kwanza mgeni akae, ngoja apate maji, ametoka mbali. Mgeni hakukaa. Ndipo mzee akaeleza kwamba kilichokatazwa kuguswa ni kitufe cha kusasisha. Simu zote alizifunga yeye mwenyewe zisijisasishe, na mdadisi ambaye angethubutu kukibonyeza angemjua yeye ni nani.

Bi Sasisha alimkodolea macho. Alikuwa amekutana na watu waliosahau kusasisha, walioogopa, waliodai bando limekwisha. Hakuwahi kukutana na mtu aliyekataza kwa maandishi.

"Mwaka jana tulisasisha, mwanangu," alisema Mzee Ngoja. "Mliandika tusasishe, tukasasisha. Mahojiano ya wiki nzima yakayeyuka. Hawa walirudi nyumba zilezile kuuliza mambo yaleyale, mpaka wakafunguliwa mbwa."

Hilo lilikuwa kweli. Bi Sasisha alilikumbuka, na alilikumbuka hata tangazo ambalo ofisi yake ilitoa baadaye, lililoyaita maafa yale usumbufu mdogo. Lakini hakuwa amesafiri tangu alfajiri ili aje kuomba radhi. Alimwambia mzee kwamba mahojiano yale yalipotea kwa sababu hayakuwa yametumwa kabla ya kusasisha, kwamba maelekezo yalikuwa wazi, na kwamba mtu akivimbiwa mara moja haachi kula maisha yake yote. Hilo la mwanangu alilipokea kwa kukunja uso. Mzee akasema ngoja kwanza. Yeye akainama akachomoa simu ya kwanza kwenye chaji.

Kuitafuta kasoro hakukumchukua muda, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Aliingia kwenye mipangilio, akatazama toleo la programu, akacheka kwa pua. Lilikuwa toleo la zamani ambalo hata yeye alikuwa amesahau sura yake. Akafungua fomu, akajaza kaya ya watu wa kubuni, akafika swali la nane, akabonyeza "Ndiyo". Kioo kikawa cheupe. Kikakaa hivyo, kisha programu ikajifunga yenyewe, na alipoifungua tena kaya yote ya kubuni ilikuwa imetoweka, tangu jina la mwenye nyumba. Akarudia, safari hii akabonyeza "Hapana". Fomu ikateleza mpaka mwisho bila kukwama popote, ikampa alama ya kijani.

Alielewa papo hapo. Katikati ya zoezi, kabla kanda hii haijaanza, fomu iliongezewa sehemu mpya: ukijibu ndiyo, inafunguka safu ya maswali kuhusu mtu huyo mwenye shida, anaoga vipi, anakula vipi, anasaidiwa na nani. Toleo jipya la programu lilijua kuifungua sehemu hiyo. La zamani halikujua, likafanya kama mtu aliyeulizwa jambo asilolijua mbele ya wakubwa: likazimia.

Aliwageukia wadadisi, waliokuwa wamejipanga ukutani kama watu wanaosubiri kupigwa picha ya kitambulisho, akawauliza walikuwa wanafanyaje. Mmoja akawa anachunguza dari. Mwingine akakumbuka kukohoa. Bi Sasisha akaomba simu ya mtu yeyote, akafungua kundi lao la ujumbe, akapandisha juu mpaka akalikuta alilokuwa akilitafuta. Mtu alikuwa ameuliza fomu inagoma swali la nane, afanyeje. Mwenzake akamjibu: ukijibu hapana, inapita. Chini yake vilifuata vidole gumba vya shukrani, kimoja baada ya kingine, timu nzima. Mzee Ngoja alikuwa ameweka viwili.

Aliusoma ujumbe ule kwa sauti, polepole, mpaka ukawachoma. Kisha akawaambia, bila kupaza sauti, kwamba ameshawaona wezi wa mafuta, wezi wa bando na wezi wa siku za kazi, ila hajawahi kuona watu walioponya mtaa mzima kwa kidole gumba. Mtu amelala kitandani anasubiri jirani apite amgeuze ubavu, na wao wamemfuta kwa sababu kioo kilikuwa cheupe. Walikuwa na midomo, alisema, na simu zile zinapiga.

"Tulipiga, dada," sauti moja ikasema.

Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu, aliyesimama karibu na mlango. Wenzake walimwita Cherehani, kwa sababu kabla ya kazi hii alikuwa mshonaji, na kwa sababu akianza kusema hasimami. Alisema walipiga, wakaambiwa wasasishe. Wakamwambia mzee, mzee akasema ngoja. Wakapiga tena, wakaambiwa wasasishe. Alisema haya yote kwa mkupuo, akimtazama Bi Sasisha usoni, na Bi Sasisha alijua fika aliyekuwa upande wa pili wa simu hizo ni nani.

"Na mimi mama yangu mwenyewe nimemwandika hapana," Cherehani akaendelea. "Mtaa wetu uko kwenye fungu langu. Mama hajasimama tangu alipopata kiharusi. Nilijaza ndiyo, ikajifunga. Nikajaza tena, ikajifunga. Nilitoka mpaka uani kutafuta mtandao, nikidhani ni mtandao. Mwisho nikaona bora ahesabiwe mzima kuliko asihesabiwe kabisa."

Msumeno wa dukani ulikuwa ukikata bomba. Mtu mwingine pengine angelainika hapo. Bi Sasisha aliona dharau yake ikipanda, maana huyu ndiye aliyekuwa na sababu kuliko wote ya kuja juu, na alichofanya ni kuweka kidole gumba na kusonga mbele. Alimwuliza kama hakutaka mhudumu. Cherehani akasema anamtaka kuliko chakula. Kila asubuhi anamwacha mama na jagi la maji, redio na ndoo ya karibu, na kila jioni anafungua mlango akiwa hajui atakuta nini. Asipopatikana mtu wa kukaa naye, kazi hii ataiacha, na cherehani ilishauzwa wakati wa matibabu.

Basi kazi ikaanza. Bi Sasisha aliketi mezani kama daktari wa zahanati yenye foleni, simu zikawa zinaletwa mbele yake. Kwanza alituma kila kilichokuwa hakijatumwa, na akamtaka Mzee Ngoja asimame nyuma yake ashuhudie kwa macho yake kwamba kimefika. Kisha akaiondoa programu ya zamani na kupakua mpya. Hapo ndipo alipokutana na maisha ya watu. Simu za kazi zilijaa video za harusi, mahubiri, mechi, watoto wakicheza, picha za viatu, na programu mpya haikuwa na pa kukaa. Alifuta. Mwenye simu alilalamika kwamba ile ilikuwa harusi ya dada yake. Alimwambia akamwombe dada yake aolewe tena.

Kila simu iliyopona ilimrudia mwenyewe, na mwenyewe akaondoka mbio kurudia zile nyumba alizozipitisha kwa hapana. Hawakuhitaji kuelekezwa. Walizikumbuka zote, na hilo nalo lilimkera Bi Sasisha: walijua siku zote mlango wa nani wameuruka. Mzee Ngoja alikuwa akibandua plasta moja moja kwa ukucha, kimyakimya, akizikunja na kuzitia mfukoni.

Simu ya Cherehani ndiyo iliyokataa. Ilikuwa nzee kuliko zote, na mfumo wake wenyewe ulikuwa umeachwa na dunia siku nyingi. Bi Sasisha alijaribu mara ya kwanza, akajaribu tena kwa njia ya mafundi, na mara zote kioo kikamwandikia kwamba programu hii haiendani na kifaa chako. Aliitazama kwa hasira. Neno lake alilolihubiri nchi nzima, sasisha, hapa lilikuwa halina pa kushika. Wadadisi wengine walikuwa wameshaondoka na simu zao, na jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa pili wa duka. Simu iliyobaki mle ndani yenye toleo jipya ilikuwa yake mwenyewe. Akasimama, akamwambia Cherehani amwongoze.

Walianza na nyumba nyingine za fungu hilo, kwa sababu zilikuwa njiani, na zote zilikwenda vizuri. Mwanamume asiyeona alijibu maswali yake huku akimenya viazi. Mtoto asiyesikia alisemewa na bibi yake. Kila jibu la ndiyo lilifungua sehemu mpya bila kioo kuwa cheupe, na Bi Sasisha alianza kujisikia kama mtu aliyesafisha mtaro na sasa anatazama maji yakipita. Walivuka mbao zilizowekwa juu ya mfereji, wakapita kwa wachomelea mageti, na kadiri walivyokaribia kwao ndivyo Cherehani alivyopunguza maneno.

Karibu na lango alisimama. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama hawawezi kuijaza palepale nje. Majibu yote anayajua. Yeye ndiye anayemwosha, yeye ndiye anayemlisha, hakuna atakachoulizwa mama ambacho yeye hakijui.

Bi Sasisha alimkata kauli. Utaratibu ulikuwa kwamba mtu mwenye akili timamu na kauli yake anaulizwa mwenyewe, na maswali yanasomwa kama yalivyoandikwa, neno kwa neno. Majibu ya kubuni, alisema, yameshatosha kwa zoezi hili. Cherehani akasukuma lango.

Chumba kilikuwa kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha, na kwenye nguzo yake ya miguuni kulifungwa kamba nene yenye mafundo, ya kujivutia. Mashuka yalikuwa meupe na yamekunjwa pembeni kwa namna ya hospitali, hayana hata kikunyanzi. Mama aliyelala juu yake alikuwa amesukwa vizuri, upande mmoja wa uso umeshuka kidogo, na jicho la upande uliobaki lilifanya kazi ya macho mawili. Alikuwa msimamizi wa idara ya kufulia katika hospitali kubwa mpaka siku alipoanguka. Watu aliwapima kwa kola zao.

"Shikamoo, mama," alisema Bi Sasisha.

"Marahaba. Hiyo kola yako nani kaipiga pasi?"

Bi Sasisha aliigusa kola yake. Mtu aliyezoea kuigawa dharau huitambua upesi inapomjia, naye aliitambua. Akavuta kigoda, akajieleza ametoka wapi, na kwamba amekuja kurekebisha taarifa za kaya hii, kuna swali moja halikujibiwa sawasawa.

Mama alisema yeye ameshahesabiwa. Mwanawe alikaa kwenye kigoda hichohicho na simu ya kazi, akamwuliza kila kitu, hata umri, kana kwamba wamekutana siku hiyo. Walipofika kwenye swali la mtu asiyeweza kutembea, mwanawe alimtazama yeye, akatazama simu, akainuka akatoka uani, akarudi, akatoka tena. Aliporudi alikaa, akasema kwa sauti: hapana. Akaandika hivyo.

"Nilisikia kwa masikio yangu," mama alisema. "Sikusema kitu siku ile. Lakini nilijua kwamba nimezaa. Kuna watoto wangekimbilia kuniandika, waniweke kwenye orodha ya mizigo. Huyu alishindwa. Alitoka nje mara mbili, akashindwa."

Alikuwa amelieleza jambo hilo kwa jirani wa mkono wa kulia na kwa anayeleta mkaa, na kwa dada yake kwenye simu. Hata kwenye vitabu vya wakubwa, aliwaambia, mimi naitwa mzima.

Bi Sasisha alimgeukia Cherehani. Cherehani alikuwa amesimama kando ya pazia, mikono nyuma, anaangalia mafundo ya kamba. Maneno yake yote yaliyomtoka kule ofisini hayakuonekana. Ulikuwa wakati wa mtu mmoja kusema jambo la huruma, na hata jambo la uongo lingefaa, lakini Bi Sasisha hakuwa na akiba ya hayo. Alichokuwa nacho ni maelezo. Alimweleza mama, kwa lugha nyepesi na kwa mpangilio mzuri, kwamba programu ya simu ile ilikuwa ya zamani na fomu ni mpya, kwamba ukijibu ndiyo kioo kilikuwa kinakuwa cheupe na kila kitu kinafutika, na kwamba wadadisi wote wa kanda hii walijibu hapana kwa kila nyumba, kwa sababu ukijibu hapana, inapita. Alieleza vizuri. Kueleza ndiyo ilikuwa kazi yake. Hata alipoona jicho la yule mama limeacha kumtazama yeye alimalizia sentensi.

"Kwa hiyo ni simu," mama alimwambia mwanawe.

"Mama, mimi nilitaka upate..."

"Nimeuliza. Ni simu?"

"Ni simu, mama."

Nje mtu alikuwa anachota maji, ndoo ikijaa.

"Mimi nilidhani ni wewe," alisema.

Cherehani alipiga hatua kwenda kitandani, na mkono mzima wa mama ukainuka kutoka kwenye shuka, ukamsimamisha hapohapo alipo. Kisha mama akamwambia Bi Sasisha aulize hayo aliyokuja kuuliza, jua linazama.

Bi Sasisha aliuliza. Alibonyeza "Ndiyo" kwenye swali la nane na sehemu mpya ikafunguka kama ilivyotakiwa, laini, swali moja kwa kila ukurasa. Je, unaweza kusimama bila kushikwa? Mama alisema hapana. Je, unaweza kujigeuza kitandani? Hapana, na kamba hiyo ni pambo, andika. Je, unaweza kula bila msaada? Kwa kijiko, mkono mmoja, na nusu inamwagika. Cherehani alijaribu kusema kwamba siku hizi haimwagiki sana, na mama, bila kumtazama, akasema:

"Wewe ulishajibu."

Cherehani alirudi kando ya pazia.

"Je, unaweza kwenda msalani bila msaada?" Bi Sasisha alisoma.

"Hapana."

"Msaada huo unauhitaji mara zote, mara nyingi, au mara chache?"

"Kuna aibu ya mara chache, binti?"

Bi Sasisha alikaa na kidole hewani. Maneno hayo yaliwekwa na ofisi yake, na yeye ndiye aliyeyapanga kwenye programu, akayajaribu kwenye meza yake huku akila karanga, akaridhika kwamba yanafunguka. Hakuwahi kuyasikia yakitoka kwenye kinywa chake mbele ya mtu. Mama akamwambia aweke mara zote, amalize. Aliweka mara zote. Akasoma lililofuata, na lililofuata, akianza kuharakisha, akimeza mwisho wa maneno, mpaka mama akamwambia asome vizuri, kama alivyoelekezwa, maana kazi ni kazi, na yeye hospitalini hakuwahi kumwachia mtu akunje shuka nusu.

Alisoma vizuri. Maswali yalikuwa mengi.

Alipobonyeza kutuma, simu ilifikiri kidogo, kisha ikaandika: imepokelewa. Mfumo ulikuwa bado haujafungwa. Mama alikuwa amekwisha kuingia kwenye orodha, mhudumu angekuja, Cherehani angebaki na kazi yake. Kila kilichomleta Bi Sasisha kwenye chumba kile kilikuwa kimefanyika sawasawa, na alijisikia vibaya, na hakuwa na mazoea ya hali hiyo, hakujua aiweke wapi.

Kulibaki ukurasa wa mwisho. Aliutazama, akausoma kama yalivyokuwa maandishi yake.

"Asante kwa muda wako. Mchango wako una thamani kubwa kwetu."

Mama alikuwa ameshaugeuzia ukuta uso, kadiri shingo ilivyomruhusu.

"Hiyo asante nayo imeandikwa humo?" aliuliza.

"Imeandikwa, mama."

"Na jibu langu linaandikwa wapi?"

Bi Sasisha aliutelezesha ukurasa chini, kisha juu, ingawa yeye aliyeutengeneza alijua kilichopo. Akamwambia kwamba hapo hapana nafasi ya jibu, fomu inaishia hapo.